Miti Iliyokataa Foleni

Ukifika Malaba ukimtafuta Chrispine Egwang, jina hilo litakupotezea muda bure. Uliza Mzee Laini. Hata mchoma mahindi atakuonyesha kwa kidole bila kuacha kupepea makaa yake.

Kazi yake ni kupanga malori. Malori huja Malaba kama wageni wa matanga: wote kwa pamoja, wote na haraka, na kila mmoja akiamini amefika kabla ya mwenzake. Katika yadi moja kando ya barabara kuu, mahali magari yanapongoja karatasi zao zikamilike ndipo yavuke kuingia Uganda, Egwang husimama na filimbi shingoni na fimbo ya mpera mkononi. Hurudisha trela nyuma, husogeza tangi la mafuta mbele, hupiga kelele, huinama kuchungulia, mpaka ukisimama mwanzoni mwa safu uone gari moja tu. Dereva akiacha gurudumu limechomoza nje kidogo, Egwang hawezi kumeza chai.

Hakuzaliwa na filimbi. Alizaliwa hapo hapo bondeni nyuma ya mji, akaacha shule mapema, akawa taniboi, msaidizi wa dereva, kwenye malori ya Mombasa hadi Kampala. Alizunguka hivyo mpaka siku kreti la vipuri lilipomwangukia mguuni na kumwachia mwendo wa kuchechemea. Mtu mwingine angelilia mguu. Egwang alisema kwamba miaka yote aliyokaa juu ya lori alikuwa akiziona foleni zilivyo mbaya, na sasa Mungu amemteremsha chini azirekebishe.

Ugonjwa huo wa kunyoosha vitu haukubaki yadini. Nyumbani viatu hulala mlangoni vikitazama upande mmoja. Vikombe navyo hutazama upande mmoja, na sukuma wiki zake zimesimama kama wanafunzi wakati wa wimbo wa taifa. Mkewe, Nasambu, ni mwanamke wa Kibukusu mwenye ulimi mwepesi. Huuza samaki wa kukaanga wanaoletwa kutoka ziwani Osieko, na wateja wake hula samaki na masimulizi kwa bei moja.

"Mimi niliolewa na rula," huwaambia. "Lakini sitasema uongo, hiyo rula haijawahi kunichapa."

Sasa, shamba la Egwang si kubwa. Linateremka hadi kwenye kinamasi kidogo, na ng'ambo ya kinamasi hicho linaanza shamba la jirani yake, Mzee Okiria. Maji yanayopita katikati ndiyo mpaka wao tangu enzi za wazazi, na sehemu kubwa ya kinamasi iko upande wa Okiria. Egwang alipokuwa mdogo, mafunjo yalikuwa marefu kuliko mtu aliyebeba mtu. Marehemu mama yake, Asio, alikuwa akishuka na mtungi kwenye chemchemi ya hapo, anauzamisha mara moja, anapanda na wimbo wake. Na kila msimu wa mvua korongo wenye taji walikuja kucheza kwenye majani, wakirukaruka na kuinamiana kama watu waliolewa kwa heshima.

Halafu wana wa Okiria wakachimba mfereji wa kukausha mahali pale wapande mboga. Mboga zilipowachosha wakapanda mikaratusi, na mkaratusi, kama mjuavyo, hauna kiasi. Wana wakaenda zao Nairobi kutafuta maisha. Mikaratusi ikabaki ikinywa.

Siku iliyomgeuza Egwang ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Mtandao wa kompyuta mpakani ulikuwa umelala, hakuna gari lililosogea tangu asubuhi, naye akaamua ashuke nyumbani apumzishe mguu. Akapitia chemchemi. Pale akakuta madumu ya njano yametapakaa njiani, na mwanamke mmoja amechuchumaa akichota maji kwa kikombe, kikombe baada ya kikombe, huku wenzake wakingoja kivulini.

Jambo la kwanza alilofanya Egwang, na Nasambu hachoki kulisimulia hadi leo, ni kuyapanga yale madumu. Aliyaweka sawasawa, mkono kwa mkono, mdomo kwa mdomo. Alipomaliza akarudi hatua chache kutazama kazi yake kama kawaida yake, na hapo ndipo moyo ulipomwanguka. Ilikuwa foleni nzuri. Lakini mama yake hakuwahi kupanga foleni pale hata siku moja. Kwa mara ya kwanza maishani Egwang aliona foleni akaichukia.

Haukupita muda, msichana mmoja akasimama kanisani baada ya misa kutoa tangazo. Aliitwa Sheilah Ayoo, mwanafunzi wa chuo kule Alupe, mzaliwa wa Budalang'i, nchi ya mafuriko. Alikuwa na kundi dogo la kujitolea lililofufua chemchemi na vinamasi, na alitaka watu wa kufanya kazi siku za Jumamosi.

"Sisi Budalang'i maji inatufuata mpaka kitandani," alisema. "Nyinyi huku mnaitafuta na kikombe. Watu wanadhani ni shida mbili tofauti, lakini ni ugonjwa moja tu. Kinamasi ikiwa mzima, inashika maji wakati iko mingi, halafu inawapatia polepole. Sasa kazi iko. Malipo hakuna, fulana hakuna, soda pia hakuna."

Waumini wakatoka nje kwa haraka ambayo padre hajawahi kuiona hata siku ya mchango. Aliyebaki ni Egwang, na Nasambu aliyekuwa amemshika mkono hivyo hakuwa na budi, na wamama wachache wa yale madumu.

Ruhusa ilibidi itoke kwa Okiria, na Okiria si mtu wa kuombwa ofisini. Ukiwa na neno naye, unalipeleka chunguni. Jioni wazee wa bonde lile hukaa kuzunguka chungu cha ajon, pombe ya wimbi inayoongezwa maji moto na kunywewa kwa mirija mirefu. Kila mtu ana kiti chake na mrija wake mwenyewe. Egwang alikuwa akikaa mkabala na Okiria kwa miaka mingi, mirija yao ikipishana ndani ya chungu. Okiria ni mzee mwembamba, mkali wa maneno, mwenye kofia ya kitambaa asiyoivua hata akilala, kwa taarifa ya mkewe.

Alisikiliza ombi lote bila kutoa mrija mdomoni. Kisha akautoa.

"Kuna mtu wa kuuza fito anataka kuniletea miche ya mikaratusi nijaze hiyo bonde yote," alisema. "Lakini wewe ni jirani. Nakupatia msimu moja. Kateni ile iko, zibeni mfereji, pandeni vitu zenu. Masika ikiisha na mimi sioni maji imesimama hapo, napanda mikaratusi mpaka mlango ya chemchemi. Na hakuna mtu ataniambia kitu."

"Sawa, mzee."

"Na usinipangie viatu ukikuja kwangu."

"Sawa, mzee."

Basi kazi ikaanza, na ilikuwa tamu. Walikata mikaratusi na kung'oa visiki. Waliuziba mfereji kwa udongo na mawe, wakahamisha mafunjo na matete kutoka kwenye kinamasi kingine chenye afya na kuyapanda matopeni, huku wamama wakiimba na Nasambu akiwachekesha mpaka majembe yanawatoka mikononi. Sheilah alijua majani yote kwa majina na hakuona haya kuzama matopeni hadi kiunoni. Jumamosi moja Egwang akapata wazo. Yadini kulikuwa na madereva wamelala chini ya magari yao kwa uchovu wa kutofanya kitu. Mbona mikono yote hiyo ikae bure?

Wa kwanza kukubali alikuwa Olinga, dereva wa Tororo, mtu mnene mcheshi aliyezoea kuvuka mpaka kila wiki.

"Boss, nikishuka huko kusaidia, utanisongesha mbele kidogo?" aliuliza.

"Utapanda matete, utanawa miguu, utarudi nyuma ya lile tangi."

"Banange," Olinga akalalamika kwa Kiganda. "Hata nyuma ya tangi? Haya ssebo, twende. Hapa nimechoka kuhesabu nzi."

Tangu siku hiyo Olinga akawa haikosi Jumamosi akiwa upande wa Kenya, naye akawavuta wengine. Sheilah alipowaeleza habari za korongo waliokuwa wakicheza pale zamani, Olinga aliacha jembe kabisa.

"Huyo ndege ni wetu," alisema. "Ako kwa bendera ya Uganda. Mlimuiba lini?"

"Alikuja mwenyewe," Sheilah akamjibu. "Na akirudi hatutamuuliza pasipoti."

Mvua za kwanza zilipogusa ardhi, maji yakaanza kujikusanya penye mafunjo, kidogo, kama uso wa sahani. Kila mpita njia alimsifu Egwang. Mafunjo yake yalikuwa yamesimama vizuri, kingo zimesafishwa, hata visiki vilivyong'olewa vimerundikwa kwa ukubwa. Mzee Laini, mikono yako ina baraka, walisema. Wahenga nao walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Egwang, ingawa hanywi tembo bali ajon, hakusalimika.

Sheilah alikuwa na mitihani. Alimwachia Egwang miche ya siala na mikuyu, miti ya asili ya kushika ukingo, akamwelekeza kwa ufupi.

"Panda tu kandokando ya maji, upande wa Mzee Okiria. Ndiko udongo inabomoka sana."

Egwang alishuka mapema na kamba ndefu ya kufungia turubai. Akatazama ukingo. Ukingo ulikuwa umepinda. Ulianza vizuri kwenye chemchemi, halafu ukajikunja kama mtu anayekwepa wadeni, ukarudi tena karibu na njia. Egwang aliutazama ule mpindo kwa huzuni ya kweli. Kisha akafunga kamba kwenye kijiti pale chemchemini, akaivuta hadi njiani, akaikaza mpaka ikalia, na akapanda miti yake yote chini ya ile kamba. Mstari ulikatiza mpindo wa ukingo. Ulipita juu ya matuta ya viazi vya Okiria na kuacha kipande cha shamba lake ng'ambo, upande wa maji, upande wa Egwang. Jioni Egwang alisimama mwanzoni mwa safu akafumba jicho moja. Aliona mti mmoja tu. Alienda nyumbani anapiga mluzi.

Kesho yake, wakitoka misa, Egwang na mkewe walimkuta Okiria bondeni na jembe. Miche ya mwisho wa safu ilikuwa tayari imelala chali, mizizi juu.

"Yoga, mzee," Egwang akasalimu kwa Kiteso.

Okiria aling'oa mche mwingine. "Hii ni nini?"

"Ni miti, mzee."

"Miti naona, mimi si kipofu. Nauliza, hii laini ni ya nini?"

"Ni ya kupendeza."

"Inapendeza nani?" Okiria alielekeza jembe kwenye matuta yaliyobaki ng'ambo ya mstari. "Viazi yangu iko huko. Mimi nimesimama hapa. Na katikati umeniwekea siala, kutoka maji mpaka njia, imenyooka kama ya serveya. Tumekunywa chungu moja miaka yote hii, kumbe ukinitazama unanipima."

"Mzee, mimi sina hata wazo ya..."

"Mtu wa mikaratusi anakuja Jumatano. Msimu yenu imeisha."

Akaondoka, jembe begani. Egwang alipofika kwake aliukuta mrija wake, ule mrefu alioufunga uzi mwekundu asiupoteze, umetundikwa kwenye mti wa lango. Ulikuwa umeoshwa, umekaushwa, umerudishwa kwa mwenyewe. Hakuna aliyehitaji kumfasiria: chunguni hakuwa na kiti tena. Alikaa chini kwenye kizingiti, katikati ya viatu vyake vilivyopangwa, na machozi yakamtoka, mtu mzima.

"Miti kidogo tu," alisema. "Amekasirikia miti kidogo."

Nasambu alikaa karibu naye. Kwa mara moja hakuwa na utani.

"Si miti, baba watoto. Ni vile imesimama. Unakumbuka kipande ya juu ya Okiria, ile iliendaga kwa marehemu jirani yake? Ilianza hivyo hivyo. Yule mtu alipanda siala laini moja, akanyamaza. Miti ikakuwa mikubwa. Halafu akawaita wazee akawaambia, tazameni, mpaka ndiyo hii, babu yangu alipanda. Okiria akaongea mpaka sauti ikaisha. Wazee wakaamini miti."

Egwang alishika kichwa. Alikuwa amelijua jambo hilo tangu utotoni, kama anavyolijua kila mtu wa bonde lile: mti mmoja ni kivuli, lakini miti iliyojipanga ni neno. Ukitaka kumwambia jirani kwamba hapa ni mwisho wako, huna haja ya kufungua kinywa, unapanda safu. Yeye miaka yote ya malori ilimfanya aone foleni tu. Alikuwa amemtamkia mzee wa watu tusi kubwa, tena kwa kamba iliyokazwa.

"Naenda kwa chifu kesho," akasema. "Niandike niape kwamba sitaki hata tuta moja."

"Ukienda kwa chifu utakuwa umekubali kuna kesi. Wewe nenda tu uondoe hilo neno."

Jumatatu Sheilah alikuja mbio kutoka Alupe, uchovu wa mtihani wa asubuhi ukiwa bado unaonekana usoni. Alitembea kando ya ule mstari, akautazama ukingo, akamtazama Egwang.

"Mzee, mimi nilisema kandokando ya maji. Maji imepinda."

"Nilidhani imekosea," Egwang akasema.

Sheilah alitaka kukasirika, akashindwa, akacheka mpaka akalazimika kushika mti. Lakini Jumatano ilikuwa karibu, na wote wawili walijua kwamba mikaratusi ikishaingia, wamama watarudi kwenye kikombe, na safari hii kikombe nacho kitakosa maji. Egwang akaingia boma la Okiria, akasimama uani bila kukaribishwa.

"Mzee, sikuji kuomba. Kuja tu unitazame nikizing'oa."

Okiria alikuja, kwa sababu hakuna binadamu anayekataa kumtazama adui yake akijing'olea mambo. Akaketi juu ya kisiki, kofia imeshuka machoni. Wamama walikuwapo, na Olinga, ambaye gari lake lilikuwa limekwama yadini. Mbele yao wote Egwang alipiga magoti kwa mguu wake mbovu, akachimbua mche mmoja mmoja kwa mikono, akaviringisha mizizi kwenye gunia lililoloweshwa ili isife. Alianzia njiani akaishia chemchemini. Hakuacha hata shimo moja wazi, yote aliyafukia na kuyapiga kwa kiganja. Alipomaliza akaikata ile kamba vipande.

"Sasa hakuna laini," alisema. "Nilikukosea, mzee. Sikufikiria."

Okiria alisukuma kofia nyuma kidogo, akalitazama gunia.

"Na hizi miti zitaenda wapi?" Olinga akauliza. "Zitakauka kwa gunia."

"Nitapanda ovyo ovyo," Egwang akasema. "Vile tu miti hukaa porini."

Akachukua mche, akaenda ukingoni, akaupanda. Akatembea kidogo, akapanda wa pili. Akasogea, akakwaruza kichwa, akapanda wa tatu. Sheilah akakohoa. Ilikuwa imenyooka. Egwang akaing'oa yote akaanza upya, safari hii akitembea upande kama kaa. Ikatoka safu ya kwenda upande. Akafumba macho, akazunguka mahali pamoja mpaka kizunguzungu kikampata, akapepesuka huku na huko akipanda popote alipoanguka. Alipofumbua macho, miche ilikuwa imesimama mmoja nyuma ya mwenzake kama malori ya kwenda Kampala.

Sauti kama ya mlango wenye kutu ikasikika kutoka kwenye kisiki. Ilikuwa Mzee Okiria akicheka. Alijizuia, akashindwa, mabega yakaanza kutikisika, mwisho akavua ile kofia yake ajifutie machozi, na wamama wakapata kuona kwa mara ya kwanza kwamba ana upara.

"Huyu mtu ni mgonjwa," alisema. "Mimi nilidhani ni mwizi, kumbe ni mgonjwa."

"Ndiyo, mzee," Nasambu akaitikia. "Mimi nimemuuguza tangu harusi."

Okiria akainuka. "Wewe Egwang, hujawahi kurusha wimbi?"

"Mama alinikataza. Nilikuwa naweka mbegu moja moja."

Okiria akatikisa kichwa kumsikitikia mtu aliyepoteza utoto wake hivyo. Akaokota kokoto akazitia kofiani. Akasimama ukingoni, mguu mmoja mbele, kama alivyosimama kila msimu tangu ujana wake akipanda wimbi, maana kule kwao wimbi haupangwi, hurushwa. Akachota kokoto kwa mkono, akazipeperusha. Mkono wake ulikwenda mwepesi kuliko umri wake. Akapiga hatua, akarusha tena, akifuata maji yalivyopinda.

"Mahali jiwe imelala, chimba," aliamuru.

Kokoto moja ikagonga buti la Sheilah. "Na hapa, mzee?"

"Hapo wewe toka kwanza."

Walichimba kila kokoto ilipoanguka. Miche mingine ilikaribiana kama inasengenya, mingine ilisimama peke yake, mmoja ukaangukia karibu kabisa na maji hata Olinga akasema huo unataka kuvuka bila karatasi. Egwang alifanya kazi akiwa ameuma meno. Mara mbili mkono wake ulijaribu kusogeza mche kidogo kushoto, na mara mbili Nasambu akaupiga.

Mche wa mwisho ulipokaa, Okiria alirudisha kofia kichwani na kuwatazama mmoja mmoja.

"Mkono imerusha ni ya nani?"

"Ni yako, mzee," wakasema.

"Kwa hivyo hii miti ni ya nani?"

"Ni yako, mzee," Egwang akasema.

"Rudia kwa sauti. Hawa wa huku nyuma hawajasikia."

"Hii miti ni ya Mzee Okiria. Na shamba ni yake, na viazi ni yake."

"Sawa." Okiria alianza kupanda kilima, kisha akageuka. "Jioni kuna chungu. Kuja na mrija yako. Na ufungue hiyo uzi nyekundu, inatia watu aibu."

Jumatano mtu wa fito alipofika na pikapu yake, Okiria alimkuta langoni akamwambia shamba limejaa. Mtu wa fito akachungulia bondeni akauliza nani aliyelijaza vibaya namna ile. Okiria akamjibu kwamba ni yeye mwenyewe, na kama hajui kupanda aulize. Masika yakaja yakakaa, maji yakasimama kinamasini hadi magotini, na mvua zilipokwisha hayakuondoka. Siku Egwang alipopita chemchemini na kukuta madumu mawili tu, yamejaa, na wenyewe wanapiga soga kwa starehe yao, aliyaacha yalivyokuwa. Alirudi kumweleza Nasambu kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Siku hizi ile miti imewapita watu urefu. Sheilah amemaliza chuo lakini Jumamosi bado anakuja, na kundi limehamia kinamasi cha pili, ambako Egwang ni fundi wa kila kitu isipokuwa kupanda. Kupanda ni kazi ya Okiria, anayekuja na kofia yake na kudai kokoto nzuri, si zile za kando ya barabara. Egwang akiutazama ule ukingo jicho bado humuuma. Amezoea, kama mtu anavyozoea jino.

Mwaka huu, mvua zilipokolea, wazee wawili walikuwa wameketi jioni juu ya kile kisiki cha zamani, wakingoja maji ya ajon yachemke, Egwang alipomshika Okiria goti. Mafunjo yalitikisika upande wa mzee. Korongo mmoja akatoka, taji lake la dhahabu likiwaka, akasimama, akageuza shingo. Nyuma yake akatoka kifaranga, kisha kifaranga mwingine, na mwisho mama yao. Wakaanza kutembea kwenye maji ya kina kifupi katikati ya ile miti iliyotawanyika, mmoja nyuma ya mwenzake, wamenyooka, hakuna hata aliyechomoza nje.

"Laini," Egwang akanong'ona, na sauti ikamtoka kama ya mtu anayesali.

Okiria aliwafuata kwa macho. Walikuwa wakitoka upande wake, wakivuka maji, wakielekea upande wa Egwang.

"Wacha wapite," akasema. "Hiyo haikati shamba ya mtu."